Pezi la Rangi ya Asali

Konso mwanangu,

Barua hii utaikuta chini ya maandazi, ndani ya mfuko wa safari. Juu ya bahasha nimeandika usiifungue stendi. Ngoja basi lifike Nyakahura, pale sokoni kando ya barabara, wauza mahindi ya kuchoma wanapogonga vioo. Kwa nini Nyakahura, nitakwambia. Ukiifungua kabla ya hapo utashuka urudi kunigombeza, na mimi sikubali kugombezwa na mtu niliyemnyonyesha.

Sasa hivi uko kanisani unaagana na wenzako wa kwaya. Baba yako yuko uani anaufunga ule ubao wa kusimamia juu ya mawimbi kwa magunia na kamba za katani. Ameuzungushia na shuka letu la zamani, hata mzee wa jirani amepita akavua kofia. Nikamwambia, "Baba Konso, hicho kitu kinasafiri, hakizikwi." Akanijibu, "Wewe andika barua yako." Basi naandika. Darasa la saba langu unalijua, lakini mwandiko wangu umesifiwa. Ile barua niliyokuombea ruhusa shuleni, mkuu wako alidhani imeandikwa na mtendaji wa kata.

Mambo ya kula na kufua, na watu wa kujihadhari nao huko pwani, sikuandikii. Shangazi yako ameyasema wiki nzima mpaka umeyakariri. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni pezi.

Siku tatu umelitafuta. Umepindua magodoro, umeingia mpaka banda la mbuzi, umemwaga gunia zima la maharage. Jana ulikaa kwenye kizingiti ukaniuliza, "Mama, kweli hujaliona?" Nikakwambia labda panya wamelibeba. Pezi linalokaribia urefu wa mkono wangu kutoka kiwikoni. Ukaniangalia, ukasema, "Haya mama," ukainuka kuokota maharage. Ungenitukana ningepona haraka zaidi.

Nilikuwa nalo mimi. Nililificha mimi. Na si mara yangu ya kwanza kusema uongo juu ya pezi lile.

Ulikuwa ukiniuliza ubao wa baharini ulifikaje kwetu Murukulazo, mahali ambapo hata chumvi inakuja kwa lori. Nilikuwa nakujibu, "Uliachwa na mzungu," halafu natafuta kazi ya kufanya. Leo nakaa chini.

Ubao ulikuja mwaka ule wakimbizi wa ng'ambo walipovuka mpaka kwa wingi, vilima vikafunikwa na maturubai. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Pamoja nao walikuja wageni wa kila aina, na mmoja alikuwa fundi wa maji tuliyemwita Bwana Mabomba. Juu ya gari lake alifunga ubao mrefu mweupe, wa mviringo mbele, na chini yake nyuma pezi moja la rangi ya asali. Ukilishika kuelekea jua unaona kidole chako upande wa pili. Mimi nilikuwa nafua nguo zake. Kaka yangu Sosteni, yule mjomba wako wa kwenye picha iliyofifia, alikuwa anambebea mabomba.

Jumapili walikwenda mto Ruvubu, pale kwenye Mgongo. Mgongo unaujua kuliko mimi. Masika maji yanapita juu ya lile jabali la chini na kuinuka kama mgongo wa mnyama, na huo mgongo hauendi popote. Mto mzima unapita, wenyewe umesimama. Wazee wetu hawakupenda mahali pale. Walisema maji yaliyosimama yana anayeyashika. Bwana Mabomba hakuambiwa, au aliambiwa akacheka. Alilala juu ya ubao, akapiga maji kwa mikono mpaka akaingia mgongoni, akasimama. Akakaa pale, mto ukipita chini ya miguu yake, yeye haendi mbele wala nyuma. Sosteni alitazama mdomo wazi. Masika yale hayajaisha naye alikuwa anasimama.

Nilimuuliza kaka, "Kwa nini pezi moja? Samaki wana mengi." Akaniambia mgeni amesema huko kwao zipo mbao za mapezi matatu, zinageuka upesi, lakini yeye wa pezi moja hajauacha tangu ujana. Wa mapezi matatu unauamrisha. Wa moja unausikiliza. "Ukiwa na haraka unakumwaga," akasema Sosteni. "Ni kama baiskeli ya babu ikiwa na mikungu. Huigeuzi kwa mikono, unaigeuza kwa mwili wote, na kabla ya kona."

Ndiyo maana mwezi uliopita, yule mama wa karakana ya mbao za mawimbi huko pwani aliponipigia simu kuniomba ridhaa uende kwao, sikumshangaa. Ulikuwepo, ulisikia. Akanisalimu shikamoo na sauti nzuri, akasema huko kwao vijana wanazirudia mbao za zamani za pezi moja, wanaziulizia kila wiki, kwa sababu zinakwenda kwa utulivu na mtu anasimama kama mtu. Akasema umbo la pezi letu amelitafuta miaka mingi, uje nalo lile lile, si la kuchonga. Nikamwambia, "Mwanangu, hayo niliyaona wewe ukiwa mgongoni kwa mama yako." Ukaniziba mdomo kwa kanga. Sikuwa najisifu. Nilikuwa nasema kweli kwa sauti kubwa.

Mkataba wa Bwana Mabomba ulipokwisha, ubao akatuachia, kaka na mimi. Siku ya kuondoka alimwonyesha Sosteni skrubu inayolishika pezi. Akafanya kwa mikono: kaza, halafu shika, tikisa. Kila mara, kabla ya maji. Kaza, shika, tikisa.

Sasa sikiliza kosa langu.

Kiangazi kilichofuata binti wa baba yetu mdogo alikuwa anaolewa, na nyumba yetu hii ilihitaji kusiribwa udongo kuta zake. Mwenzio nilikuwa na sifa ya kusiriba tangu nina miaka kumi na miwili. Wanawake wazima walikuwa wananiita. Nikaliona lile pezi, lilivyopinda, lilivyo laini. Nikalifungua skrubu kwa ncha ya kisu, nikasiriba nalo. Konso, ukuta ulitoka kama ngozi ya mtoto. Wageni wa harusi waliupapasa. Mwanamke mmoja kutoka Nyarubungo, kule Biharamulo, akauliza fundi ni nani. Nikasiriba nyumba nne kabla ya mvua kwa pezi lile, na kila nyumba nikaambiwa hakuna kama mimi. Utamu wa kuambiwa hivyo unaujua, umeurithi.

Skrubu niliifunga kwenye pindo la kanga. Mvua za kwanza zilipokuja, Sosteni akataka ubao wake, nikafungua pindo, hamna. Nilitafuta kama ulivyotafuta wewe siku tatu hizi. Sikuthubutu kusema. Mimi, Kadogo, fundi wa nyumba nne, niseme nimepoteza kiskrubu kidogo? Nikachonga kabari ya mkaratusi, nikaigongomea pembeni ya pezi, nikaipaka masizi mpaka ikafanana. Ilikaza vizuri, kavu.

Asubuhi ile akaniuliza, "Kadogo, umelikaza?"

"Nimelikaza."

"Umelitikisa?"

Nikamwambia, "We kaka, nimesiriba nyumba nne, nishindwe na kijipezi?" Akacheka, akaubeba ubao kichwani. Kama ningenyamaza tu angelitikisa mwenyewe. Maneno yangu ndiyo yaliyomzuia mkono.

Nilikwenda naye, nilikuwa na ndoo. Akaingia Mgongoni akasimama, akanipungia. Alikaa muda wa kusali Salamu Maria tatu. Halafu ubao ukaanza kugeuka polepole, kama jani la mgomba kwenye karai. Hakutazama maji. Alinitazama mimi. Sikuona hasira usoni, niliona kama mtu anayetaka kuuliza swali. Kisha ubao ukapita peke yake.

Maji yakaniletea ile kabari mpaka miguuni. Kipande kidogo, cheusi kwa masizi. Nilikiokota, nikakipeleka nyumbani, nikakitia jikoni kikaungua chini ya sufuria ya ndizi. Watu wakasema mamba, wengine wakasema yule anayeyashika maji. Mimi nikalia na wote na sikusema. Ubao ulikutwa kivukoni umekwama kwenye mafunjo. Sosteni hakukutwa.

Pezi nalo lilirudi. Kiangazi, mto umeshuka, nilikwenda kuchota maji, nikaliona limesimama kwenye tope, wima, ncha juu. Lakini lilikuwa juu ya Mgongo, upande wa mto unakotokea. Kitu kilichoangukia chini kimepandaje? Tena lilikuwa limechomekwa, Konso, jinsi mtu anavyochomeka panga akipumzika. Na tope lililolizunguka lilikuwa limesiribwa. Laini. Najua kazi ya kusiriba nikiiona.

Nililitia sandukuni likakaa huko. Lakini ukuta ukaanza. Ule ukuta wa chumba chako, niliousiriba kwa harusi, kila mto unapojaa unatoka jasho. Unafikiri kwa nini baba yako alipojenga upya mbele kwa tofali na saruji nilikataa ule usibomolewe? Wewe ulipokuwa na miaka miwili ulikuwa unaulamba. Bibi yako akasema ni minyoo, tukakunywesha dawa, ukaendelea. Siku moja niliulamba na mimi. Chumvi. Bahari sijawahi kuiona, lakini nilijua kwamba ile si chumvi ya kuungia mboga.

Nilijaribu kuondoka. Mwaka mmoja baada ya Sosteni nilipanda gari la mizigo kwenda popote, nikiwa na kanga mbili. Nyakahura dereva akasimama ili watu wapate kula. Nilikuwa nanunua muhindi. Nyuma yangu, katikati ya kelele za ng'ombe na wauza nyanya, mtu akaita, "Kadogo." Jina la nyumbani, ambalo kule hakuna anayelijua, na kwa sauti ile ile. Haikuwa ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeacha swali mlangoni. Sikuitika. Nikageuka nikaona watu tu. Mmoja alikuwa anakwenda zake, shati limelowa mgongoni, na ilikuwa kiangazi cha vumbi. Nikarudi nyumbani kwa miguu na lifti za baiskeli, na tangu hapo sijavuka Nyakahura. Baba yako alipotaka kunioa nikamwambia mimi siuachi mto huu, ukinitaka njoo wewe. Akaja. Watu wakamcheka kwamba ameolewa yeye. Mwanamume yule amevumilia mengi bila kuuliza, na kosa langu la pili ni kwamba nilimwacha avumilie.

Halafu ukaja wewe ukauona ubao darini. Nilikukataza mara ngapi? Ukaona video kwenye simu, ukachonga wako mwenyewe kwa mti wa msizi, pezi moja la mti, bila kufundishwa na mtu. Mwenye mashine ya kusaga akanitumia ujumbe kwamba uko Mgongoni, nikaja mtoni nimeshika fimbo ya kukuchapia. Pale ukingoni wanawake waliokuja kuchota maji wakaniona. Mama Leokadia akasema, "Mama Konso, mtoto wako anatembea juu ya maji kama Petro."

Nikamwambia, "Petro alizama. Wa kwangu hajazama."

Nilisema hivyo na fimbo mkononi. Ulikuwa umesimama pale pale aliposimama mjomba wako, magoti umelegeza, mikono chini, kama mtu anayengoja chakula kwa shangazi. Mto mzima unapita na wewe haupiti nao. Nikakaa kwenye majani. Tangu siku ile nimekutangaza kwa simu mpaka Biharamulo mjini. Wanawake wa kikundi chetu cha akiba cha VICOBA wamenichoka. Lakini jambo moja hukujua: kila uliposhuka mtoni, nilikuwa natangulia alfajiri kulitikisa pezi lako, pale ubao ulipoegemea ukutani. Lilikuwa imara kila mara. Wewe unajua kukaza. Mimi ndiye sikuamini.

Kwa hiyo walipokuita pwani na ubao wa zamani na pezi lake, nilifurahi kwa siku moja. Usiku wake nilisikia ubao unavuma darini, sauti ndogo, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Nikasema, Sosteni anamngoja mwanangu. Nikalitoa pezi sandukuni. Jumatatu ukaniona nasiriba ukuta wa chumba chako, ukauliza, "Mama, unasiriba masika?" Nikasema umepasuka. Nilikuwa nimechimba tundu, nikalizika pezi humo, nikasiriba juu kwa kiganja. Nilijidanganya kuwa pezi likikosekana wale wa pwani watasema basi, usije. Siku tatu umelala mkono mmoja kutoka lilipo. Nisamehe. Kumzuia mtoto kwa uongo ni kosa lile lile, nimelibadilisha nguo tu.

Leo mchana ulipokwenda kuaga nilichukua kisu nikachimba. Udongo ulikuwa bado mbichi. Pezi lilitoka safi, Konso. Nililizika kwenye tope na halikuwa na tope. Lilikuwa na maji, yanatiririka, na ndani ya tundu pamelowa kama ndani ya mdomo. Nikatia kidole nikaonja. Yale maji hayakuwa na chumvi. Ni ya Ruvubu, nayajua, nimeyanywa maisha yangu yote.

Nikiwa nimepiga magoti pale, sauti ikatoka kwenye tundu, karibu, bila haraka. "Kadogo, umelikaza?"

Miaka yote nilidhani ananilaumu. Kumbe anauliza tu. Ni swali lile lile, halijajibiwa kweli.

Nikaitika, "Abee kaka." Nikasema, "Sikulikaza. Skrubu niliipoteza. Niliona aibu." Maneno yenyewe ni hayo tu, hata mtoto wa chekechea angeyaweza. Sikusikia kitu tena. Baba yako alikuwa mlangoni na kamba mkononi. Sijui alisimama pale tangu lini. Akasema, "Mama Konso, skrubu ya namna gani?" Nikamwonyesha tundu la skrubu kwenye pezi. Akapanda baiskeli bila kuuliza la pili, akaenda kwa fundi Ngara mjini, akarudi na skrubu tatu, kwa sababu huyo ndiye baba yako, moja haimtoshi.

Pezi liko ndani ya blanketi la bluu, katikati kabisa. Skrubu tatu ziko kwenye pindo la kanga niliyokufungia, nimelishona kwa uzi wa kushonea magunia, halifunguki lenyewe. Jua kwamba sijalifunga pezi kwenye ubao. Ningeweza, na ningelifunga vizuri kuliko fundi yeyote wa Kagera hii. Nimekuachia makusudi. Ukifika utalikaza wewe, utalishika, utalitikisa, na mtu akikwambia limekaza, hata awe mama yako, cheka naye halafu ulitikise.

Tundu ukutani umeliona asubuhi ukivaa viatu. Ukirudi usiniulize mbele ya watu. Sitalisiriba. Fundi wa nyumba nne anaacha tundu nyumbani kwake, waseme watakavyo.

Sasa uko Nyakahura. Kama wauza mahindi wamekuzunguka, nunua muhindi mmoja, mimi wa kwangu sikuumaliza. Na kama katikati ya kelele hizo ukasikia mtu anakuita Kabibi, jina lako la nyumbani, usiogope, na usikae kimya kama mimi. Mwitikie kwa adabu, mwamkie shikamoo, ni mjomba wako. Mwambie wewe ni wa Kadogo. Mwambie skrubu imepatikana.

Ila usishuke.

Mama yako